Barua ya wazi kuhusu kaya zetu: msitu ndio ukuta wa ngome

Kwa Waheshimiwa wote wenye dhamana ya urithi wa taifa, ardhi, misitu na madini katika Pwani ya Kenya

KUH: KUKATWA KWA MSITU WA NJE WA KAYA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu za heshima kutoka kwetu watu wa kaya, yaani miji ya kale ya Wamijikenda iliyomo ndani ya misitu mitakatifu. Nawaandikia hadharani kwa sababu kwa njia ya ofisini tumeshindwa. Barua zetu mlizipokea na kuzipiga muhuri, nakala tunazo. Tulipokwenda kwa chifu tukaambiwa suala liko juu. Tulipopanda huko juu tukaambiwa faili imerudishwa chini. Faili ikipanda na kushuka, malori ya wachimba mawe ndani ya msitu wetu hayajapumzika hata siku moja. Basi leo nayasema mbele ya kila anayesoma Kiswahili, kwa adabu ileile tuliyokuja nayo ofisini, ila bila kupunguza neno.

Kaya yenyewe sitaitaja jina. Wazee wameniomba hivyo na nawaelewa: kaya ikitangazwa mtandaoni, wanaotangulia kufika ni wezi wa vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu wetu, na watu wa kuchimbuachimbua makaburi wakidhani kuna mali. Nyinyi mnaijua. Namba ya faili mnayo.

Kabla ya malalamiko, nirudi kwenye jambo moja ambalo naona ndilo lililotupotezea muda wote huu. Kila tukilalamika tunajibiwa kwamba kaya haijaguswa. Uwanja wa katikati upo, makaburi yapo, mahali pa maombi papo, kilichofyekwa ni kichaka cha pembeni tu. Waheshimiwa, hicho mnachokiita kichaka cha pembeni ndicho ukuta wa kaya. Kaya ni ngome, na ngome hii ilijengwa kwa msitu.

Wazee wetu wanasimulia kwamba tulitoka Singwaya, kaskazini, tukisukumwa na vita vya Waoromo, tukashuka mpaka kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa na Kilifi, na Wadigo wakaendelea kusini hadi karibu na bahari. Tangu karne ya 16 hivi, Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Wakauma na Wajibana, ndio Wamijikenda, wakawa na kaya zao. Hawakuwa na chokaa wala mizinga. Walichokuwa nacho ni msitu na akili ya kuutumia. Walifyeka katikati, wakajenga mji, wakauzungushia uzio wa magogo. Nje ya uzio huo waliacha mkanda mpana wa msitu ambao haukuguswa na panga: mivule, mibambakofi, misandarusi, na chini yake miiba na mitambaazi iliyosongamana hata mbuzi hapenyi. Katikati ya mkanda huo walipitisha vijia vyembamba vya mtu mmoja mmoja, na kwenye vijia hivyo wakaweka milango, ukivuka mmoja unakutana na mwingine. Ndani wakazika fingo, dawa ya kuulinda mji, na mji ukawa mji.

Sasa fikirini kama askari. Adui amekuja na watu mia. Hawezi kuwapanga, maana kijia hakiruhusu wawili kutembea bega kwa bega. Hawezi kuona mbele, maana kijia kinapinda. Haoni kushoto wala kulia, ila mwenye mji anamwona. Wingi wake wote umegeuka kuwa mstari wa mtu mmoja mmoja ndani ya giza la miti asiyoijua, na mbele yake kuna mlango. Hayo hayakutokea kwa bahati. Kuna watu walikaa wakapima mteremko, wakachagua mti upi ubaki na kijia kipinde wapi, na vizazi vilivyofuata vikakatazwa kutia panga humo ili kazi ile isiharibike. Yule mzee anayemtoza mtu mbuzi kwa kukata fito moja ndani ya kaya analinda miiko, ndiyo, lakini pia analinda ukuta.

Wareno walijenga Fort Jesus kati ya mwaka 1593 na 1596. Ni zama hizohizo za kaya zetu, na hofu ilikuwa ileile ya kuvamiwa. Ngome ile iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Misitu ya kaya iliingia mwaka 2008, ikiwa misitu kadhaa iliyotawanyika kwa takriban kilomita 200 za pwani. Sisi tulitangulia. Lakini mtu akienda leo na nyundo akaanza kung'oa mawe ya Fort Jesus, hatafika Barabara ya Nkrumah kabla hajatiwa pingu. Anayeng'oa ukuta wa kaya anapewa njia, na lori lake linapishwa.

Na kama mnadhani hii ya ngome ni maneno yangu tu, ulizeni serikali ya kikoloni ilifanya nini. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, wakala kiapo cha kutotoa vibarua na kutotii amri za Mwingereza. Wote wawili walikamatwa na kupelekwa mbali, Kisii. Kisha, Agosti 1914, serikali ikaenda kuilipua Kaya Fungo kwa baruti. Watu hawapotezi baruti juu ya kichaka. Mkoloni alijua vizuri kabisa kwamba pale pana ngome, na ndiyo maana aliibomoa. Inatuuma kwamba zaidi ya miaka mia moja baadaye inatubidi kuwaeleza viongozi wetu wenyewe kitu ambacho adui yetu alikielewa bila kuelezwa.

MALALAMIKO YETU

1. Njia ya malori katika mlango wa nje.

Upande wa mashariki wa kaya, mlango wa nje kabisa ulikuwa kati ya miamba miwili mirefu kuliko mtu. Mkono wa kushoto ulisimama mbambakofi ambao wazee waliukuta ukiwa mkubwa hivyohivyo. Hapo ndipo mtu huvua viatu na, kama hana, hupewa kaniki ya kujifunga. Sasa mwamba mmoja umesukumwa na tingatinga ukabiringika hadi bondeni. Mbambakofi umekatwa kwa msumeno wa mashine. Nilisimama juu ya kisiki chake na mzee mmoja wa kaya, na nafasi ikabaki ya watu wengine watatu. Chini yake udongo mwekundu umepondwa na magurudumu, maji ya mvua yamesimama ndani ya makovu ya matairi, na ile miiba iliyofanya kazi ya ukuta imelazwa pembeni ikikauka. Njia ambayo kwa miaka mia nne haikuruhusu watu wawili kupita pamoja, leo malori mawili yanapishana humo, moja likitoka na mawe, jingine likiingia tupu.

Hasara haikuishia kwenye njia yenyewe. Mkanda wa msitu ukishatobolewa, upepo na jua vinaingia. Miti ya ndani iliyozoea kivuli inaanza kukauka pembeni mwa njia, majani yasiyo ya msitu yanashika nafasi, moto wa kiangazi unapata pa kupitia. Na watu nao: palipopita lori, kesho anapita mwenye mkokoteni, keshokutwa mwenye ng'ombe. Ngome yoyote ikibomolewa mahali pamoja imebomolewa.

2. Vigingi vya mpima ardhi.

Vimepakwa rangi nyekundu na vimepigwa ndani ya msitu, si nje yake. Hakuna mzee wa kaya aliyeitwa siku vilipopigwa. Kaya nyingi zilianza kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa kumbukumbu za taifa kuanzia mwaka 1992, na kwa hilo tunashukuru. Lakini kwetu tangazo lilibaki kwenye karatasi. Mawe ya mpaka hayakuwekwa chini, na mchoro unaoonyeshwa ofisini umezunguka uwanja wa katikati na kuacha milango ya nje yote. Ni kama kutangaza kulinda nyumba, kisha ukaandika kitanda peke yake.

3. Leseni isiyoonekana.

Tuliomba kuona leseni ya kuchimba mawe na ripoti ya tathmini ya athari za kimazingira, ambayo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inaitaka. Tukajibiwa kwa mdomo kwamba hiyo ni siri ya biashara. Tukaambiwa pia kwamba wazee wetu waliridhia na kutia sahihi. Basi tuonyesheni sahihi hizo. Wazee wa kaya wanajulikana, na kambi, yaani baraza lao, inajulikana inavyokaa na inavyoamua. Mtu aliyeokotwa sokoni, akavishwa kikoi na kupigwa picha akishika kalamu, hana kaya anayoisemea.

4. Makaa na fito.

Hili linatuhusu sisi wenyewe, wala hatulifichi. Wapo vijana wetu wanaoingia usiku kukata fito na kuchoma makaa. Tunawakamata, tunawatoza faini za jadi, na wanaorudia tunawapeleka kituoni. Huwa wanafika nyumbani kabla yetu. Kijana anayeona lori likibeba mbambakofi mzima mchana kweupe hawezi kumwelewa mzee anayemgombeza kwa mzigo wa fito.

5. Wazee wenyewe.

Mnajua, na magazeti yameandika tena na tena, kwamba katika Kilifi na Kwale wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa ardhi. Mzee wa kaya anayesimama mbele ya tingatinga ana sababu ya kuogopa akirudi nyumbani jioni. Mwaka 2009 UNESCO iliziweka mila na desturi za kaya katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mila hizo ziko vichwani mwa watu. Wanaojua milango yote ya kaya yetu, kila mmoja kwa jina lake na ukoo uliokuwa ukiulinda, wamebaki wachache sana na wote ni watu wa mkongojo. Hakuna aliyetumwa na serikali kukaa nao na kuchora wanachokijua.

MAJIBU TUNAYOYATARAJIA

Najua tutakayojibiwa, kwa kuwa mengi tumeshayasikia.

Mtasema hapo hapana ukuta, pana miti tu. Nimeeleza hapo juu, lakini niongeze mifano ya wenzetu. Ujerumani, katika milima ya Msitu Mweusi na jirani zake, Ludwig Wilhelm wa Baden alijenga mistari mirefu ya ulinzi dhidi ya majeshi ya Ufaransa katika miaka ya 1690. Mmoja wa mistari hiyo ulijengwa kati ya 1695 na 1697, kutoka karibu na Pforzheim hadi Neckargemünd, zaidi ya kilomita 80. Ulikuwa na handaki, tuta la udongo na minara ya mbao ya walinzi, na mbele yake mkanda wa miti iliyoangushwa matawi yakielekea kwa adui. Yaani na wao waliugeuza msitu kuwa ukuta. Minara imeoza zamani na matuta yamefunikwa na majani, mgeni anaweza kupita bila kujua alichokikanyaga. Hata hivyo kuna njia ya miguu iliyowekewa alama kuufuata mstari huo, na watu wanatembea kwenda kuuona. Hakuna aliyesema ni mashimo tu.

Na mfano wa kuogopesha uko hapahapa Afrika. Watu wa Benin, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, walichimba kwenye eneo la misitu mahandaki na matuta makubwa ajabu kuuzunguka mji wao na vijiji vyake. Mwaka 1961 yalitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Tangazo halikuyalinda. Watu wamechota udongo wa matuta kujengea, mahandaki yamekuwa majalala, nyumba zimepanda juu yake. Kaya zetu nazo zina tangazo.

Mtasema ni maendeleo. Hakuna mtu wa kaya anayekataa barabara wala zahanati, na mawe ya kujengea tunayahitaji kama wengine. Lakini jiwe hili la kokoto halipo chini ya kaya peke yake. Tuliwaonyesha maafisa wenu upande wa pili wa bonde, mwamba uleule, pasipo kaburi wala mlango. Sababu ya kupakataa ni kwamba barabara ya kufika huko ni ndefu zaidi. Kwa hiyo kinachopimwa hapa ni dizeli ya mwenye malori, na urithi wa Wamijikenda umeonekana mwepesi kuliko dizeli hiyo.

Mtasema sehemu ile ina hatimiliki ya mtu binafsi. Tuonyesheni ilivyopatikana. Katiba ya 2010, Kifungu cha 63, inataja misitu ya jamii, malisho na mahali pa ibada vinavyoshikiliwa kihalali na jamii kuwa ardhi ya jamii. Kaya ilikuwa hapo kabla ya ofisi ya ardhi kuwako nchini, na hati iliyotolewa juu ya kaya bila kuiuliza jamii ndiyo inayopaswa kujieleza.

Mtasema si kazi yenu, ni ya serikali kuu, au ya kaunti, kutegemea nani anajibu. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi: kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa ni za serikali kuu, utekelezaji wa sera za mazingira na misitu uko pia kwa kaunti. Wote mna sehemu yenu. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia kwa pamoja, ili asiwepo wa kuturudisha kwa mwenzake.

Na mtasema hakuna bajeti. Kuzuia lori lisiingie hakuhitaji bajeti, kunahitaji barua moja yenye sahihi.

TUNACHOOMBA

Tunaomba uchimbaji na upitaji wa malori ndani ya mkanda wa nje wa kaya usimamishwe mara moja, na vigingi vile ving'olewe mpaka mambo haya yatakapoamuliwa wazi.

Tunaomba leseni, ripoti ya mazingira na orodha ya sahihi za hao walioitwa wazee. Ombi hili tumeliwasilisha pia kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayowapa siku 21 za kujibu.

Tunaomba mpaka upimwe upya, na upimwe kwa miguu. Mpima ardhi atembee na wazee kuanzia mlango wa nje kabisa wa kila kijia, apime mahali mlango ulipokuwa, kisha mpaka upite nje ya milango hiyo na mawe yawekwe chini yaonekane. Pamoja na mpima aje mtaalamu wa mambo ya kale wa kuchora vijia, mabaki ya uzio na nafasi za koo zilivyopangwa ndani. Hili ndilo ombi la haraka kuliko yote baada ya kusimamisha malori, kwa sababu lori linaweza kuzuiwa mwakani, lakini mzee anayejua mlango ulipo huenda mwakani asiwepo. Pale wazee watakaposema hapa mgeni haingii, basi haingii, na mchoro uache nafasi hiyo wazi.

Tunaomba vijana wa vijiji vinavyoizunguka kaya waajiriwe kuwa walinzi wa msitu, chini ya maelekezo ya wazee, kwa mshahara unaoeleweka. Kaya Kinondo kule Diani imeonyesha tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kwamba jamii inaweza kupokea wageni kwa masharti yake yenyewe na msitu ukabaki. Hatusemi kila kaya ifungue mlango kwa watalii. Nyingine hazipendi, na ziachwe.

Tunaomba palipokatwa parudishiwe miti, ila miti ya kaya. Serikali imetangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tayari tumesikia mtu akisema pengo letu litazibwa katika mpango huo kwa mikaratusi. Hapana. Mbegu za mbambakofi na msandarusi ziko ndani ya msitu huohuo, akina mama wetu wanajua kuzikuza, na kitalu tunaweza kukianza msimu huu wa mvua tukipewa maji na uzio.

Na tunaomba ulinzi kwa wazee waliotajwa majina mbele ya watu kwa kuupinga mradi huu. Majina yao hayamo humu, mnayo kwenye faili.

Siku 21 zikipita bila jibu la maandishi, tutakwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi chini ya Kifungu cha 70 cha Katiba. Wakili tumempata na wanakijiji wameanza kuchanga. Tungependa zaidi mje. Afisa atakayetumwa apitie kwanza kwa wazee, aje asubuhi, na siku hiyo malori yasimame ili tuweze kusikilizana.

Wenu kwa heshima,

Mjukuu wa kaya,
kwa niaba ya wazee na vijana wa vijiji vinavyoizunguka,
Kaunti ya Kilifi